Kutoka Hongo ya Misafara hadi Mega za Simu: Historia Fupi ya Usawa wa Njia katika Kongo ya Mashariki

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya kanuni moja inayozungumzwa sana siku hizi katika lugha za kigeni, na kwa uchache mno katika Kiswahili. Kanuni yenyewe yasema kwamba anayesafirisha ujumbe wa watu katika mtandao wa intaneti asibague kati ya ujumbe na ujumbe kwa kutazama umetumwa na nani, unakwenda kwa nani, au umebeba nini. Profesa wa sheria Tim Wu wa Marekani ndiye aliyeipa kanuni hiyo jina lake la Kiingereza katika mwaka 2003, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba umri wake ni huo. Hoja yetu ni tofauti. Jambo lenyewe ni kongwe kuliko jina, na sisi wakazi wa Kongo ya mashariki tumelijua kwa muda wa karne moja na nusu: katika njia za misafara, katika mto, katika waya, na sasa hewani.

Tutajaribu kuonyesha pia kwamba kila mara usawa wa njia ulipoandikwa katika sheria, pembeni yake paliandikwa ruhusa ya kuuvunja. Tunaamini kwamba maisha ya watu wetu yameamuliwa na ruhusa hiyo zaidi kuliko na kanuni yenyewe.

2. Suala la istilahi

Tafsiri inayomjia mtu upesi kwa jina hilo la Kiingereza ni “kutoegemea upande wowote”. Maneno hayo yanamfaa mwamuzi wa mpira, au nchi iliyokataa kuingia vitani. Njia, hata hivyo, si mwamuzi. Hatuitaki njia ihukumu kwa haki baina ya wapitaji. Twataka isihukumu kabisa. Kwa hiyo katika makala haya tutatumia “usawa wa njia”, huku tukingoja wenzetu walete neno lililo bora zaidi.

Ni vema tueleze kwa ufupi jinsi mambo yanavyokwenda. Ujumbe unaotumwa kwa intaneti, uwe barua, picha au sauti, hukatwa kuwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande hubeba anwani ya kutoka na anwani ya kwenda, mithili ya bahasha. Mitambo iliyoko njiani husoma anwani na kukipitisha. Lakini mitambo hiyo hiyo, ikipewa programu ya kufanya hivyo, huweza kuchungulia ndani ya bahasha au kuitambua kwa anwani yake, kisha ikaamua hiki kipite upesi, hiki kicheleweshwe, hiki kilipiwe zaidi, na hiki kitupwe.

Msomaji wa Bukavu hahitaji mfano wa mbali. Akina mama wanaobeba mizigo mgongoni kutoka soko la Kadutu hulipwa kwa uzito wa gunia na urefu wa mlima. Hatujapata kumsikia hata mmoja akidai malipo zaidi kwa sababu unga ni wa fulani, au akilitua gunia njiani kwa kuwa mwenyewe ni wa ukoo asioupenda. Kazi ya mbebaji ni kubeba. Hiyo ndiyo kanuni nzima. Yaliyobaki ni historia ya wale waliosimama njiani.

Hatusemi kwamba kila kipande lazima kipite kwa mwendo mmoja. Sauti ya mtu anayezungumza kwa simu haiwezi kungoja kama inavyongoja barua, na fundi wa mtandao anayepanga foleni kwa sababu hiyo habagui watu. Ubaguzi huanza pale foleni inapopangwa kwa kutazama sura ya mpitaji.

3. Hongo katika zama za misafara

Katika kamusi za leo hongo ni rushwa. Katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa na maana nyingine: ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite. Ulilipwa kwa nguo, kwa shanga na kwa waya wa shaba. Wagogo walijulikana zaidi kwa hongo, kwa kuwa nchi yao ni kavu, visima vilikuwa vyao, na msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora haukuweza kupita bila maji. Kwa hiyo hongo ilikuwa malipo ya kitu fulani: maji, chakula na amani ya kupita.

Hata hivyo, hongo haikuwa na kipimo kilichotangazwa. Kila msafara ulikaa chini ukabishana, siku moja, siku tatu, na kiasi kilitegemea jinsi mwenye msafara alivyoonekana: tajiri, mnyonge, mwenye haraka, au mwenye bunduki nyingi. Nguvu ya kutoza iliweza pia kuwa nguvu ya kufunga. Katika mwaka 1871 Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi huko Urambo, alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na biashara ya pembe ikazibwa katika njia hiyo kuu. Hatumlaumu Mirambo kwa kuitetea nchi yake. Twataka tu kuonyesha kwamba aliyeishika njia aliishika biashara ya nchi nzima bila kumiliki hata pembe moja.

Njia hizo ndizo zilizokileta Kiswahili kwetu. Kutoka Ujiji zilivuka ziwa Tanganyika zikafika Kasongo na Nyangwe katika Maniema, nchi aliyoitawala Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Lugha ilipita pamoja na mizigo, na neno hongo likapita pamoja na lugha. Kwa maoni yetu, mabadiliko ya maana ya neno hilo si ajali. Mahali ambapo kila mpitaji hutozwa kadiri anavyoonekana, pasipo kipimo kilichoandikwa, ushuru na rushwa haviwezi kutengana kwa muda mrefu. Bei ya kupita hugeuka kuwa bei ya kupendelewa. Jambo hilo si la kale tu: uchunguzi wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2017, ulihesabu vizuizi vya barabarani karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini.

4. Mto na Mkataba wa Berlin

Wachache wakumbuka kwamba nchi yetu ilizaliwa pamoja na tamko la usawa wa njia. Mkataba wa Berlin, uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885, ulitangaza katika sura yake ya nne kwamba mto Kongo utakuwa wazi, kwa usawa kamili, kwa merikebu za biashara za mataifa yote. Tozo zilizoruhusiwa zilikuwa zile tu za kulipia huduma iliyotolewa kwa chombo chenyewe. Barabara na reli zitakazojengwa kuyakwepa maporomoko zilihesabiwa kuwa sehemu ya mto, zenye sharti lile lile. Aidha, kifungu cha tano kilikataza kutoa haki ya kipekee au upendeleo wowote katika biashara. Mtu akisoma vifungu hivyo leo, akiweka “ujumbe” mahali pa “merikebu”, angedhani anasoma sheria ya intaneti.

Historia ya miaka iliyofuata yajulikana. Katika mwaka 1890, huko Brussels, mataifa yalikubali ushuru wa forodha uliokatazwa miaka mitano kabla. Tarehe 21 Septemba 1891 mfalme Leopold II alitoa amri, isiyochapishwa katika gazeti rasmi, iliyowataka maofisa wake kuhakikisha kwamba pembe na mpira vinaingia mikononi mwa dola. Hoja ya wanasheria wake ilikuwa ya ujanja. Mto, walisema, u wazi kama ulivyoahidiwa, na yeyote apite. Lakini ardhi “isiyo na mwenyewe” ni ya dola, na mazao yake pia ni ya dola. Njia ilibaki huru. Mzigo wa kupitisha ndio ulioondolewa.

Kuna jambo la pili ambalo lazima lisemwe. Usawa wa Berlin ulikuwa usawa wa bendera. Ulimlinda mfanyabiashara wa Liverpool dhidi ya mwenzake wa Antwerp. Haukumlinda mpagazi aliyelazimishwa kubeba mizigo kati ya Matadi na Léopoldville kabla ya reli kukamilika katika mwaka 1898. Kwa hiyo, mtu anapotutangazia kwamba njia ni sawa kwa wote, swali la kwanza la mwanahistoria liwe hili: hao wote ni nani?

5. Waya na daraja tatu

Waya wa telegrafu ulileta swali hilo hilo katika sura mpya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1860, iliyohusu waya wa kuvuka bara lao, iliagiza kwamba telegramu za watu wote zipelekwe bila upendeleo, kwa kufuata zamu ya kupokewa kwake, isipokuwa zile za serikali, ambazo zitatangulia. Miaka 15 baadaye, katika mkataba wa St Petersburg wa mwaka 1875, mataifa yaliyohudhuria yalikiri kwamba kila mtu ana haki ya kutumia telegrafu ya kimataifa. Kisha yakaigawa telegramu katika daraja tatu: za serikali, za huduma ya waya wenyewe, na za watu binafsi; na za serikali zikatangulizwa. Tena yakajiwekea haki ya kuizuia telegramu yoyote ya mtu binafsi itakayoonekana kuwa hatari kwa usalama wa dola, au kinyume cha sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Mwisho yakajipa uwezo wa kuusimamisha waya mzima.

Vifungu hivyo havikufa. Vimerithiwa, kwa maneno yanayofanana, na katiba ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao Kongo ni mwanachama wake. Twamwomba msomaji azikumbuke daraja hizo tatu, kwa maana tutakutana nazo tena.

Kwa watu wengi wa Kivu, zama za waya hazikuwagusa sana. Waya ulikuwa wa utawala na wa makampuni. Baadaye, huduma za posta na simu za dola zilipodhoofika, mawasiliano ya mbali yalitegemea redio za foni za misheni, za wafanyabiashara na za makampuni ya ndege, ambapo mtu alisema neno lake huku wengine wengi wakimsikia. Simu ya mkononi ilianza Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare, nayo ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Ni baada ya mwaka 2000 tu ndipo simu ilipoanza kuwa kitu cha kila nyumba mjini.

6. Hewani: kutoka 2002 hadi 2025

Tarehe 16 Oktoba 2002 zilitolewa sheria mbili: sheria 013/2002 kuhusu mawasiliano, na sheria 014/2002 iliyounda mamlaka ya usimamizi, ARPTC. Kifungu cha 46 cha sheria ya kwanza kiliipa Serikali uwezo wa kupiga marufuku matumizi ya mitambo ya mawasiliano, kwa jumla au kwa sehemu, na kwa muda itakaoupanga yenyewe, kwa ajili ya usalama wa umma au ulinzi wa nchi. Aliyeusoma mkataba wa 1875 hapati shida kuitambua sauti hiyo.

Katika Januari 2015 watu waliandamana Kinshasa na katika miji mingine kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi. Tarehe 20 intaneti ilikatwa, na ujumbe mfupi wa simu ukakatwa pia. Siku chache baadaye mabenki na ofisi za serikali zilirudishiwa intaneti, huku simu za watu wa kawaida zikingoja hadi Februari. Hapo zile daraja za mwaka 1875 zilifufuka: dola kwanza, mwenye fedha pamoja nayo, na raia mwisho wa foleni.

Hapa Bukavu, mji unaotazamana na Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, wengi walinunua kadi za simu za upande wa pili, wakatafuta mahali ambapo mtandao wa Rwanda unashika. Aliyekaa Nguba alipata habari. Aliyekaa Shabunda au Mwenga hakuwa na mpaka wa kukimbilia. Amri moja, iliyotolewa kwa nchi nzima, iliwaangukia watu kwa uzito tofauti kulingana na umbali wa nyumba zao na mpaka.

Katika Desemba 2016, muhula wa rais Joseph Kabila ulipofikia kikomo, mitandao ya kijamii ndiyo iliyofungwa. Katika Agosti 2017 ARPTC iliyaagiza makampuni ya simu yapunguze hadi kiwango cha chini kabisa uwezo wa kupitisha picha katika mitandao hiyo. Agizo hilo lastahili kutazamwa kwa makini kuliko mengine, kwa sababu halikufunga njia. Lilichagua aina ya mzigo. Neno lipite, picha isipite. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano yaliyoitishwa na Kamati ya Walei Wakatoliki, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa tena. Mwaka mmoja baadaye, siku iliyofuata uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, nchi iliingia gizani kwa muda wa siku 20 hivi, wakati kura zikihesabiwa na matokeo yakitangazwa.

Sheria ya mwaka 2002 imepokewa na sheria mpya ya tarehe 25 Novemba 2020, na Kanuni za Dijitali zikafuata tarehe 13 Machi 2023. Hata hivyo, desturi haikwisha. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya Goma kutekwa na M23, mitandao ya X na TikTok ilizuiwa nchini. Katikati ya mwezi huo huo vita vilifika Bukavu penyewe, wakati ambapo kila familia ilihitaji kujua barabara ipi i wazi na ndugu yupi yuko salama.

7. Mega: ubaguzi wa bei

Mpaka hapa tumeisema dola. Haitakuwa haki kuwasahau wafanyabiashara. Kiasi cha data ya kutumia intaneti, ambacho watu wa Bukavu hukiita mega, huuzwa kwa mafungu. Yapo mafungu ya bei nafuu yanayofungua WhatsApp na mitandao michache tu. Atakaye kutoka nje ya uzio huo hulipa zaidi. Mpango wa Facebook wa kufungua kurasa zilizochaguliwa bila malipo ulianza Zambia katika Julai 2014, ukaingia Tanzania na Kenya mwaka huo huo. Nchi ya India iliukataa: tarehe 8 Februari 2016 mamlaka yake ya mawasiliano ilipiga marufuku bei tofauti kwa kutazama kilichomo. Umoja wa Ulaya ulikuwa umetunga kanuni yake mwaka 2015. Marekani ilitunga yake mwaka huo huo, ikaifuta mwaka 2017, ikairudisha mwaka 2024, na mahakama ikaiangusha katika Januari 2025. Uganda ilikwenda njia nyingine: tangu tarehe 1 Julai 2018 hadi 2021 ilimtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku. Mzee wa misafara angeitambua mara moja hongo hiyo.

Wanaoutetea uzio wana hoja yenye uzito: mega chache za bei nafuu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Hata Wikipedia, ambayo haiuzi kitu, ilifunguliwa bila malipo katika nchi kadhaa kati ya 2012 na 2018. Hatuikebehi hoja hiyo, maana tunafundisha vijana wanaohesabu kila faranga. Lakini tumeona pia matokeo yake. Mwanafunzi mmoja anayeweza kulipia hufungua makala katika tovuti ya jarida, huipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kisha huisambaza kwa WhatsApp kwa wenzake walio ndani ya uzio. Darasa zima husoma kupitia tundu hilo. Na hapa ndipo agizo la Agosti 2017 linapodhihirisha ubaya wake: mtambo ulioamriwa kubana picha hauwezi kutofautisha picha ya maandamano na picha ya ukurasa wa kitabu cha fonolojia.

Jambo hilo laihusu lugha yetu moja kwa moja. Maandiko ya Kiswahili katika intaneti yametawanyika katika tovuti ndogo ndogo za vyuo, za magazeti na za watu binafsi, ambazo hakuna kampuni itakayozikumbuka inapochora uzio wake. Kama pembe na mpira wa mwaka 1891, kilichomo ndani ya uzio kina mwenyewe tayari. Njia i wazi. Mzigo wetu ndio usio na nafasi.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni ya usawa haikukosekana. Ilikuwapo Berlin, ilikuwapo St Petersburg, na katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 yalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 23 na haki ya kupata habari katika kifungu cha 24. Kilichokosekana ni mpaka wa ruhusa ya kuivunja. Kwa hiyo sheria itakayotamka usawa bila kuiwekea ruhusa hiyo mipaka haitatufaa kuliko ule mkataba wa 1885.

Mipaka hiyo yawezekana. Tarehe 21 Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeamuru intaneti ikatwe hakuwa na mamlaka hayo. Tarehe 25 Juni 2020 mahakama ya jumuiya ya ECOWAS iliihukumu Togo kwa kuikata intaneti katika mwaka 2017. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sasa ina mlango wa mahakama ya jumuiya hiyo. Kwa maoni yetu, kila amri ya kubana njia ingepaswa kuandikwa na kutangazwa, kutaja sababu na siku ya kwisha kwake, na kupitiwa na hakimu. Na njia inapofunguliwa, ifunguliwe kwa wote siku moja.

Kwa wasomaji wa jarida hili, kazi ya kwanza ni ya karibu zaidi. Watu wa Bukavu waliyapa majina yao mambo ya 2015, ya 2017 na ya 2018: kukatwa, kufungwa, kukwepa, kuvusha. Maneno hayo hayajakusanywa. Tunawaomba wanafunzi wetu wayaandike, pamoja na nani aliyasema na katika mtaa gani, kabla maana zake hazijageuka kama ilivyogeuka hongo.